Kampuni ya matangazo inataka nifute makala ya saratani. Nifanyeje?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mkunga, naishi Temeke. Nina tovuti ya afya ya wanawake ninayoiendesha pamoja na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mimi naandika, yeye anashughulika na mambo ya kompyuta. Tuliianzisha kwa sababu nilichoka kupokea kina mama waliochelewa. Mwingine amezunguka kwa waganga mpaka pesa zimeisha, mwingine amesoma jambo la ajabu kwenye simu akaliamini. Nikasema kama ushauri wanautafuta kwenye simu, basi na mimi niwemo humo.

Makala zinazosomwa zaidi ni tatu: dalili za saratani ya mlango wa kizazi, namna ya kujikagua matiti nyumbani, na fistula. Ile ya matiti ina michoro ya kalamu aliyotuchorea kijana wa Mbagala, hakuna picha ya mtu yeyote. Kwenye fistula nimeeleza jinsi mama anavyobaki akivuja mkojo baada ya uchungu wa muda mrefu, na kwamba pale hospitali ya CCBRT anatibiwa bure. Wananiandikia watu wa Mtwara, Kigoma, mpaka Watanzania walioko Oman.

Tuliweka matangazo ya kampuni moja kubwa ya nje. Pesa yake si nyingi, lakini inalipia jina la tovuti, seva na bando, na shemeji anapata chochote. Mwezi uliopita ukaja ujumbe kwamba kurasa zile tatu zina “maudhui ya ngono” na “maudhui ya kushtua”, matangazo yamezuiwa, na tusiporekebisha huenda akaunti nzima ikafungwa. Hausemi ni sentensi gani wala mchoro upi. Hauna jina la mtu. Ukiuliza, unarudishiwa maneno yaleyale.

Shemeji akaanza kubadilisha maneno bila kuniambia. Palipokuwa na “uke” akaweka “sehemu za siri”. Palipokuwa na “kutokwa damu baada ya kujamiiana” akaweka “kutokwa damu wakati usio wa kawaida”. Haukupita muda, mama mmoja wa Buguruni akanitumia ujumbe. Amesoma makala, ameelewa kuwa damu inayozungumziwa ni ya bawasiri, na dawa ya bawasiri anayo tayari, anapaka. Nilimpigia simu nikamuuliza maswali mawili tu, nikamwambia aende Ocean Road, kwenye hospitali ya saratani. Usiku huohuo nikarudisha maneno yangu yote, na shemeji tukakosana.

Kuna jingine linaloniumiza. Ule ukurasa wa saratani, kabla haujazuiwa, ulikuwa unaonyesha tangazo la vidonge vya “kusafisha kizazi”, na chini yake la kubeti. Hayo kampuni haikuyaona kuwa na tatizo.

Sasa shemeji anasema tufute kurasa zile tatu tubaki na lishe, unyonyeshaji na malezi. Amewaomba pia watu kwenye magrupu ya WhatsApp wawe wanabonyeza matangazo yetu “kutusapoti”. Mume wangu ananiambia nimsikilize mdogo wake kwa kuwa ndiye anayejua mambo ya mtandao. Na mimi nina makala ya mimba kuharibika niliyoimaliza kuandika, naogopa kuipandisha. Nifanyeje, Anti?

Mkunga wa Temeke

—

Marahaba mwanangu,

Usifute hata moja. Waondoe watangazaji kwenye kurasa hizo tatu, makala ziache palepale zilipo, na maneno yako kama ulivyoyaandika.

Naanza na hili kwa sababu naona nyumba nzima imeshikwa na hofu na kusahau kwamba njia hiyo ipo. Kampuni ya matangazo ina mamlaka juu ya matangazo yake. Inaweza kukataa kuyaweka mahali fulani, na hiyo ni haki yake. Tovuti ni yako, na ukurasa usio na tangazo lao hauwahusu. Shemeji anachotakiwa kufanya ni kuutoa ule msimbo wa matangazo kwenye kurasa tatu, na kama matangazo yanajipanga yenyewe, aingie kwenye mipangilio azitaje kurasa hizo kuwa hazitakiwi kuguswa. Halafu aombe ukaguzi upya. Kampuni yako hukuitaja na mimi sitaibashiri, lakini nitatumia mfano wa Google mara kadhaa, maana masharti yake yamechapishwa hadharani na kesi zake zimeamuliwa mahakamani. Kwa AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti za watu, kutoa matangazo kwenye ukurasa uliolalamikiwa kunakubalika kuwa marekebisho. Soma masharti ya kampuni yako uone kama ni hivyohivyo. Sitashangaa ikiwa ndivyo.

Mwambie pia ausome tena ule ujumbe kwa utulivu, aangalie umeandikwa “kosa” au “kizuizi”. Hayo ni mambo mawili. Kwa Google, ngono ya waziwazi ni kosa. Maudhui yanayogusa ngono bila kufika huko, na maudhui ya kushtua, yako kwenye kundi la vizuizi: ukurasa unapata matangazo machache, au unakosa kabisa, kwa sababu watangazaji wengi hawataki kukaa hapo, lakini hujavunja sheria yoyote. Wenye tovuti wengi huona alama nyekundu kwenye akaunti, wakafuta makala ambayo hakuna aliyewaambia waifute.

Sasa kwa nini makala ya mkunga iwekwe kapu moja na picha za uchi? Yako mambo mawili hapa.

La kwanza ni woga wa watangazaji wakubwa. Mwaka 2017 gazeti la The Times la Uingereza lilionyesha kwamba matangazo ya makampuni yenye majina yalikuwa yanatokea kwenye video za watu wenye siasa kali huko YouTube. Serikali ya Uingereza ikasimamisha matangazo yake, na makampuni makubwa yakafuata. Tangu hapo wenye matangazo wamekuwa wakali kuhusu bidhaa yao inakaa karibu na nini, na wengi hutumia orodha za maneno ya kukwepwa. Ukurasa ukiwa na neno lililo kwenye orodha, tangazo haliji. Mwaka 2020 hata neno “korona” liliingizwa kwenye orodha hizo, na magazeti ya Ulaya na Marekani yakajikuta yana wasomaji wengi kuliko kawaida huku habari zilizosomwa kuliko zote zikikosa matangazo. Habari iliyohitajika kuliko zote ndiyo iliyoadhibiwa. Hicho ndicho kilichoikuta makala yako ya saratani.

La pili ni kwamba kazi ya kuhukumu inafanywa na mashine, na kwa lugha yetu uwezo wake bado ni mdogo. Mashine ikikuta “uke”, “titi” na “kujamiiana” ndani ya aya moja, haijui kwamba aliyeandika amezalisha kina mama nusu ya Temeke. Ndiyo maana ushauri wa shemeji wa kubaki na unyonyeshaji hautamsaidia. Makala ya kunyonyesha nayo ina titi, na mchoro wa mtoto aliyeshika chuchu vizuri hauwezi kuchorwa bila chuchu. Mkizifuta tatu leo, mwezi ujao mtaletewa ya nne.

Usidhani yanawapata wadogo wa Tanzania peke yao. Mwaka 2015 tovuti ya Kimarekani ya Antiwar.com, inayopinga vita, ilisimamishiwa matangazo ya Google kwa sababu ya ukurasa wenye picha za mateso ya wafungwa wa gereza la Abu Ghraib kule Iraki. Picha hizo zilikuwa zimeonyeshwa na vyombo vya habari vya dunia nzima tangu 2004. Zilikuwa ushahidi wa kosa la jeshi, na mashirika ya haki za binadamu yalizitumia. Kwa sera ya matangazo zilikuwa picha za ukatili, basi.

Na ukitaka kujua kwa nini kampuni ya namna hii haina haraka ya kukujibu, angalia ilivyokaa sokoni. Msomaji wako wa Tandika akifungua ukurasa, kabla maandishi hayajamaliza kutokea kwenye simu yake, ile nafasi ya tangazo inapigwa mnada. Google ina mfumo anaoutumia mwenye tovuti kuuza nafasi, ina mfumo anaoutumia mtangazaji kununua, na soko wanapokutania ni lake pia. Ni dalali wa muuzaji, dalali wa mnunuzi, na mnada wenyewe ni wake. Ule mfumo wa mwenye tovuti, pamoja na sehemu ya soko, iliupata kwa kuinunua kampuni ya DoubleClick, kwa dola bilioni 3.1, ununuzi uliokamilika mwaka 2008. Kwenye lile soko hukata kama asilimia 20 ya kila mauzo. Tarehe 17 Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema wa mahakama ya shirikisho huko Virginia, Marekani, aliamua kwamba Google ilivunja sheria kwa kuhodhi soko hilo na mfumo wa wenye tovuti, na kwa kuvifunga viwili hivyo pamoja ili anayetaka kimoja alazimike kuchukua na kingine. Hoja ya serikali ya Marekani, iliyofungua kesi hiyo, kuhusu upande wa watangazaji hakuikubali. Septemba mwaka huohuo Tume ya Ulaya nayo ikaitoza Google faini ya euro bilioni 2.95 kwa mambo ya soko hilihili.

Maamuzi hayo hayatakurudishia shilingi mwanangu, na kesi za namna hiyo huchukua miaka. Nimekueleza ili usijione mkosaji. Unapokuwa na mahali pamoja tu pa kuuzia, mwenye pale anaweza kukutumia ujumbe usio na jina na bado ukatetemeka. Jaji aliyesikiliza ushahidi kwa wiki kadhaa ameona nguvu ya kampuni hiyo sokoni, nawe usimeze maneno ya watu wanaokwambia kosa ni uandishi wako.

Nije kwenye lile tangazo la vidonge vya kusafisha kizazi, kwa sababu hapo nimekasirika pamoja nawe. Mwanamke amekuja kusoma dalili za saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na pembeni ya maelezo ya mkunga anauziwa takataka. Hilo usisubiri kampuni ilione. Kwenye akaunti za matangazo huwa kuna sehemu ya kuzuia aina fulani za matangazo: kubeti, dawa za kupunguza mwili, virutubisho, mambo ya waganga. Unaweza pia kuzuia tovuti ya mtangazaji mmojammoja kwa anwani yake. Shemeji akae leo azime zote hizo kwa tovuti nzima. Mapato yatapungua kidogo, kwa sababu wanaouza vitu vya namna hiyo hulipa vizuri, na mimi nasema yapungue.

Na ile habari ya kuomba watu wabonyeze matangazo ikome kabla hujamaliza kusoma barua hii. Shemeji ana nia njema, lakini hapo ndipo akaunti zinapofungwa kwelikweli. Kampuni za matangazo zinakataza, na mifumo yao inatambua simu zilezile za grupu lilelile zikibonyeza kila siku. Ikitokea hivyo, pesa iliyokusanyika huzuiwa. Kwa AdSense hulipwi mpaka ufikishe dola 100, kwa hiyo mtu anaweza kukusanya miezi mingi kisha akapoteza yote kwa ajili ya wema wa marafiki. Atume ujumbe kwenye magrupu yaleyale awaombe waache. Hilo linatangulia mambo ya makala.

Kuhusu maneno, usikubali tena yaguswe. Yule mama wa Buguruni amekuonyesha gharama yake kuliko mimi ninavyoweza kueleza. Dalili mojawapo ya saratani ya mlango wa kizazi ni damu baada ya kujamiiana, na mwenye dalili hiyo lazima akisoma ajue inatoka wapi na lini. Serikali ilipoanza kutoa chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kazi kubwa ilikuwa kuwaeleza wazazi kinga hii ni ya nini. Huwezi kumweleza mzazi jambo hilo kwa mafumbo. Heshima ya lugha tunaijua sote, na wewe ni mtu mzima uliyelelewa. Tafsida ina mahali pake, ukumbini na mbele ya wakwe. Kwenye maelezo ya ugonjwa inaua.

Lakini linalonisumbua zaidi kwenye barua yako umelitaja mwishoni, kwa haraka. Makala ya mimba kuharibika imekamilika na umeificha. Hiyo kampuni haijaiona wala haijaikataza. Umeikataza wewe kwa niaba yake. Makala iliyofutwa angalau ina watu waliowahi kuisoma, hii hakuna atakayejua kwamba ilikuwepo. Nakuomba uweke utaratibu huu: unaandika kwanza na kuamua mwenyewe, kama mkunga, makala inatoka au haitoki. Ikishatoka ndipo shemeji anaamua iwe na matangazo au isiwe nayo. Asiingie kabla ya hapo. Na asiwe na uwezo wa kubadilisha maandishi. Kwenye tovuti kila mtumiaji hupewa ngazi yake, mpe ya ufundi, ya uhariri ubaki nayo wewe. Jina la tovuti nalo lisajiliwe kwa jina lako, na nakala ya makala zote uwe nayo nje ya seva, hata kwenye flashi.

Pesa. Sitakudanganya kwamba kutoa matangazo kwenye kurasa zako tatu bora hakutauma, kwa kuwa ndizo zinazosomwa. Ila piga hesabu kwa karatasi. Bei ya tangazo hufuata aliko msomaji, na msomaji wa Tandika hulipiwa kidogo mno kuliko wa Marekani. Huenda ukakuta unachopigania kwa mwezi ni pesa ya bando. Akaunti ya nje ibaki kwenye kurasa za lishe na malezi, na utafute watangazaji wa hapa mjini unaozungumza nao ana kwa ana: duka la nguo za watoto Kariakoo, saluni, mwenye daycare, fundi wa sare za wauguzi. Bei ya mwezi, bango moja, risiti. Duka la dawa liwe la mwisho kwenye orodha yako. Tangazo la dawa lina taratibu za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mwenye duka naye ataanza kukuuliza kwa nini umeandika dhidi ya dawa fulani. Mtangazaji wa jirani anaweza kukubana kuliko wa ng'ambo, maana anakujua nyumbani. Kwa hiyo mkiandikiana mkataba, uwe na mstari unaosema mtangazaji haoni makala kabla haijatoka wala hachagui mada. Asiyeukubali muache aende.

Wasomaji wako nao wapo. Weka namba ya kulipia chini ya makala, sentensi moja ya kuomba, wanaoweza watatoa, hasa hao wa Oman. Wengine waombe wakupe namba kwa hiari uwe unawatumia makala mpya moja kwa moja, ili siku akaunti ikifungwa bado uwe na njia ya kuwafikia. Namba hizo zitunze kama faili za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazichukulia taarifa za afya kuwa nyeti, na mwanamke aliyekuuliza kuhusu fistula hataki shemeji yako ajue.

Kwa mumeo, mwambie mdogo wake anajua mtandao na wewe unajua kizazi, na kilichobishaniwa hapa ni habari za kizazi. Mwonyeshe ujumbe wa yule mama, ukificha namba yake. Shemeji usimgombeze. Alikuwa analinda riziki, na kazi niliyompangia hapa ni kubwa: kutoa msimbo, kuzuia matangazo ya hovyo, kuandika rufaa.

Hiyo rufaa muiandike pamoja, kwa Kiingereza, kwa sababu ikimfikia mtu itakuwa bahati akijua Kiswahili. Iwe fupi. Mseme wewe ni mkunga mwenye usajili, kurasa ni za elimu ya afya, michoro ni ya kujikagua matiti, na mtaje sentensi mbili za makala kwa tafsiri ili asome mwenyewe. Mseme matangazo mmeshayatoa kwenye kurasa hizo na mnaomba alama iondolewe kwenye akaunti. Msiahidi kubadilisha neno lolote. Wakikataa mara ya kwanza ombeni tena, na makala ya mimba kuharibika ipandishe wiki hii bila kusubiri jibu lao.